Mwaka Wangu na Watu wa Fornasca

Siku tuliyomzika mume wangu, katekista wetu Papa Faustin alisimama kando ya sanduku, akafungua mikono, akasema: "Muzee wetu Ladislas alikuwa kijana mulevi. Siku moja alipanda kazini akiwa amelewa, akaanguka, akavunjika mguu, na Mungu akamuamsha kwa njia ya mguu huo." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya mabinti zangu, kichwa kimefunikwa, na mjane hatarajiwi kufungua kinywa siku hiyo isipokuwa kwa kulia. Niliuma kitambaa. Papa Faustin si mtu mbaya, na wakati ule hakuwa hata amezaliwa. Alisikia kwa baba yake, baba yake alisikia sokoni, na sokoni walisikia kutoka kwa mzungu mmoja. Amina! Watu wanamzika mtu na uongo juu yake, halafu wanaitikia amina! Ndiyo sababu nimemkalisha mjukuu wangu Neema hapa mbele yangu na kumwambia aandike. Mimi ni mzee sana sasa, lakini mwaka ule ninaukumbuka kuliko mwaka jana.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho, uhuru bado unanong'onwa tu. Habari za kwetu Kalengera na za namna nilivyofika Goma naziacha, hazina kazi hapa. Naanzia mlango wa nyuma wa nyumba ya Bwana Bruno, Mtaliano aliyekuwa akiwajengea wazungu nyumba kando ya ziwa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kumlea mtoto wao mchanga, Marco, na kusaidia jikoni. Nyumba ilikuwa ya mawe meusi ya volkano, sakafu yake nyekundu imepakwa nta mpaka inang'aa, madirisha makubwa yakitazama maji. Chumba changu kilikuwa nyuma, pamoja na mifuko ya simenti. Kitanda kilibanwa kati ya mifuko na ukuta, na mwaka mzima nguo zangu, nywele zangu, hata chakula changu vilinuka simenti. Walinilaza hapo kwa sababu mtoto aliamka mapema, na kwa sababu mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana katika mji wa wazungu giza likishaingia, asipokuwa na karatasi ya ruhusa. Wafanyakazi wengine wote walirudi site, yaani mtaa wa weusi kule Birere, wakitembea upesi kila jioni kama watu waliofukuzwa. Mimi nilibaki, na ndivyo nilivyosikia yote niliyosikia.

Madamu Piera, mke wa Bwana Bruno, alikuwa mpweke. Wanawake wa Kibelgiji hawakumwalika kwao. Kwa macho yao Mtaliano alikuwa nusu mzungu, mzungu wa mwiko na chokaa. Basi alizungumza na mtoto wake kwa Kitaliano asubuhi mpaka jioni, na kwa kuwa mtoto alikuwa mikononi mwangu, maneno yote yalipitia masikioni mwangu kwanza. Kabla mahindi hayajakomaa nilikuwa naelewa. Yalipovunwa nilikuwa najibu. Siku moja aliweka sufuria ya maji motoni, akamimina unga wa mahindi, akaanza kusonga. Nilidhani ananipikia mimi. "Madamu, hii ni bugali," nilimwambia. "Polenta," alisema. "Bugali." "Polenta." Tulicheka mpaka Marco akaamka. Aliimwaga juu ya ubao, akaikata kwa uzi, akaipeleka mezani pamoja na mchuzi wa sungura. Wao walikula wamekaa. Mimi nilikula nimesimama karibu na jiko, na ilikuwa bugali ileile.

Kwao kuliitwa Fornasca. Sijawahi kukanyaga huko, lakini mwaka ule nilikujua kuliko nilivyoijua Goma. Ni mji mdogo nje kidogo ya Milano, karibu kiasi kwamba jioni waliuona mwanga wa jiji angani, kama sisi tunavyouona mwanga wa volkano ya Nyiragongo. Chini ya Fornasca kulikuwa na udongo mwekundu mzuri. Watu wa Fornasca waliuchimba, wakaufyatua matofali, wakayachoma, wakayapeleka Milano kwa mashua kupitia mfereji. Milano ikapanda juu, Fornasca ikabaki na mashimo. Mvua ikayajaza, na siku za joto watoto waliogelea humo. Kaka yake Madamu alizama katika shimo mojawapo, na alipolitaja hilo alilitaja huku akipanga sahani, bila kuinua uso. Aliniambia juu ya ukungu wa huko, mzito hata mke alimtambua mumewe kwa kengele ya baiskeli kabla ya kumwona. Aliniambia juu ya kanisa lao ambalo ukuta wake haukupakwa kitu, kwa maana fahari yao ilikuwa tofali lenyewe. Kila asubuhi tramu, ile treni ndogo ya barabarani, ilichukua wasichana wa Fornasca kwenda kufua na kupika katika nyumba za Milano, na jioni ikawarudisha, kwa kuwa hakuna aliyetaka walale jijini. Watu wa Milano waliwaita wala-udongo. "Mama yangu," Madamu alisema, "alifua mashuka ya familia moja ujana wake wote, na hakuingia hata mara moja kwa mlango wa mbele." Alisema hivyo mimi nikiwa nimembeba mwanawe mgongoni, nimesimama kwenye mlango wa nyuma. Alinitazama, kisha akaendelea kukausha vikombe. Sijui kama aliona. Mpaka leo sijui.

Bwana Bruno alikuwa mtu wa kupiga meza. Alikuwa mkarimu pia, sitamnyima hilo. Alipenda kuimba akinyoa ndevu, na alimrusha mwanawe juu mpaka mimi nikafumba macho kwa hofu. Lakini Jumapili, divai ikishaingia, alirudia habari ya baba yake. Baba yake alikuwa mchomaji matofali huko Fornasca, katika tanuri la tajiri mmoja wa Milano. Nguzo za paa la tanuri zilikuwa zimeoza, na mzee alisema, na hakuna aliyemsikiliza. Paa likaanguka, likamponda kiuno. Yule tajiri alikuja kwa gari na hakushuka. Alishusha kioo, akatazama, akasema maneno mawili tu: *Era ubriaco.* Alikuwa amelewa. Maneno hayo yakaandikwa katika karatasi za serikali, na familia ikatolewa katika nyumba ya kampuni. Fornasca nzima ilizima matanuri, ikatembea kwa miguu hadi Milano kudai haki, wanawake mbele, na ikarudi bila kitu. Bruno alikuwa mtoto wa shule. Wenzake walimfuata njiani wakiyumba kama walevi. "Si paa lililomuua baba yangu!" alipaza sauti, ngumi juu ya meza, machozi mashavuni. "Ni uongo uliomuua!" Na mimi, kule kwenye jiko, nilikuwa nalia. Hilo ndilo linalonichoma hata sasa. Nililia kwa ajili yao. Niliichukia Milano kama vile ilikuwa imenichimba mimi.

Majuzi Neema alinionyesha kwenye simu yake mji kama huo, kandokando ya Milano, akidhani nitafurahi. Mashimo yamekuwa maziwa madogo yenye bata, na watu wa jijini wanakwenda kukimbia pembeni yake wamevaa nguo za rangi. Bomba la tanuri limesimama peke yake, limezungushiwa uzio, na pembeni kuna kibao cha kueleza historia. "Wanawaheshimu watu wa zamani, koko," Neema aliniambia mimi bibi yake. Nilimjibu kwamba ni rahisi kumheshimu mtu aliyekwisha kufa kwa kazi yako. Hapa kwetu hakuna kibao. Nyumba za mawe kando ya ziwa bado zipo, wanapanga wenye mashirika kwa dola, na hakuna hata mmoja anayeuliza ni mkono wa nani uliochonga jiwe la dirisha lake.

Ulikuwa mkono wa Ladislas, kwa mawe mengi. Ladislas alikuwa fundi wa mawe wa Bwana Bruno, kijana mrefu kutoka upande wa Masisi, mwenye sauti ya chini na kucha zilizokwisha. Kila asubuhi alipita mlango wa jikoni kupokea maagizo, na mimi nilimwekea kipande cha polenta ya jana kilichokaangwa. Alikigeuzageuza. "Adela, hii ni bugali yenye imevaa suruali," alisema. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Na jambo moja nataka liandikwe kwa herufi kubwa, Neema, uandike: Ladislas hakunywa pombe. Si kwa utakatifu. Tumbo lake halikuikubali. Akionja tu kasiksi, ile pombe ya ndizi, alitapika mbele ya watu. Wenzake kazini walimtania kila siku ya mapumziko, wakimwita mama mjamzito, na Bwana Bruno mwenyewe alicheka nao. Alijua. Kila mtu alijua.

Wakati huo walikuwa wakijenga nyumba ya mzungu wa kahawa, ya tatu kutoka kwetu, na mwenyewe alitaka kula Noeli ndani yake. Kazi ikakimbizwa. Mvua zilikuwa zimeanza, na majukwaa ya miti waliyopandia mafundi yalifungwa kwa kamba za kazi iliyotangulia. Asubuhi moja Ladislas hakuchukua polenta yake. Alivua kofia, akamwambia Bwana Bruno, ambaye alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa kati ya meza na mlango: "Bwana, kamba zimeoza. Mvua imezikula. Tukipandisha mawe, zitakatika." Bwana Bruno alimjibu kwa Kiswahili chake cha amri: "Kamba iko muzuri. Weye iko na woga kama mwanamuke. Panda." Madamu alikuwa mezani, akimlisha Marco uji. Kijiko kilisimama kidogo hewani, kisha kikaendelea. Ladislas akavaa kofia, akaenda.

Nilikuwa naanika nepi niliposikia kelele. Nilikimbia na mtoto mgongoni. Miti ilikuwa imelala ovyo, mawe juu yake, na Ladislas chini kwenye mwamba mweusi, paja limekunjwa mahali ambapo paja halikunjwi. Alikuwa akirudia neno moja, "kamba, kamba," kama mtu anayeita jina. Wenzake walichukua mlango uliokuwa haujatiwa bawaba bado, wakamweka juu yake, wakambeba. Hospitali ya wazungu ilikuwa hapohapo barabarani, yenye maua mbele na kitanda kitupu kinachoonekana dirishani. Wakaipita. Hakuna aliyewakataza kuingia, hakuna aliyehitaji kukataza. Miguu yao ilikuwa imeshazoea. Muuguzi wa kizungu alitoka barazani, akajikinga jua kwa mkono, akawatazama mpaka wakapotea kuelekea hospitali ya weusi, mbali kule juu, kila hatua mfupa ukisaga. Bwana Bruno alitembea pembeni ameshika kofia yake, akisema, "Pole, fundi. Pole." Alikuwa analia. Naapa alikuwa analia, na Jumapili iliyofuata alifanya alichofanya.

Jumapili hiyo alikuja mgeni kula, ajenti wa serikali, Mbelgiji kijana mwenye shingo nyekundu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika habari za ajali. Hakuwahi kukubali mwaliko wa nyumba ile hapo awali. Madamu alikuwa ametandika kitambaa cha arusi yake. Nilisimama mlangoni nimeshika ubao wa polenta, inatoa mvuke, nikingojea ishara. Ajenti aliuliza kwa Kifaransa ilikuwaje yule mtu akaanguka. Bwana Bruno alijimiminia divai. Hakumtazama mkewe. Alisema kwa Kifaransa: alikuwa amelewa. Kifaransa changu kilikuwa kidogo, lakini neno hilo kila mweusi wa Goma alilijua, kwa kuwa ndilo tuliloitwa. Ajenti aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu hilo. Akasema, basi, mguu ukishapona ataingia buloko, maana ulevi kazini ni kosa na miti ile ingeweza kuua wengine. Buloko ni gereza, na tulijua watu walivyotoka humo. Bwana Bruno akasema ndiyo, ni kweli. Akanyoosha mkono apokee mkate.

Niliweka ubao mezani, juu ya kitambaa cha arusi. Sauti yangu ilitoka, na ilitoka kwa Kitaliano, kwa sababu ndiyo lugha nyumba ile iliyonipa. Nilisema: "Bwana Bruno, tajiri wa Milano alisema hivyohivyo juu ya baba yako. *Era ubriaco.* Yeye hakushuka kwenye gari. Wewe ulimwona mtu wako chini, ukamlilia, na bado umesema maneno yaleyale. Ladislas hanywi, unajua hanywi. Alikuambia kamba zimeoza, alikuambia pale mlangoni. Nilisikia mimi. Madamu alisikia."

Bwana Bruno alikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Ajenti alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Anasema nini huyu?" aliuliza. "Upuuzi," alijibu Bwana Bruno. "Msichana amepatwa na wazimu." Hapo Madamu Piera alisimama, mikono juu ya meza, akayatafsiri yote. Alitafsiri kwa Kifaransa cha polepole, neno kwa neno, habari ya tanuri, ya paa, ya gari, ya kamba, na alipomaliza akaongeza: "Nilikuwapo. Nilisikia." Kisha akakaa na kuanza kuikata polenta kwa uzi, vipande vyembamba sana, visivyoliwa na mtu.

Mnataka kusikia kwamba haki ilitendeka. Haikutendeka. Ajenti alipangusa midomo, akatazama saa yake. Aibu aliyoiona yeye pale mezani haikuwa aibu ya uongo. Ilikuwa aibu ya mzungu kusemwa na msichana mweusi mbele ya mzungu mwenzake. Alisema ni afadhali jambo lote liachwe. Ataandika kwamba mtu alianguka, basi. Hakuandika kwamba alikuwa mlevi, hakuandika kwamba hakuwa amelewa. Hakuandika juu ya kamba. Ladislas hakwenda buloko, na hilo tu ndilo tulilolipata. Lakini neno likishatoka kwenye meza ya wazungu haliulizwi lina ushahidi gani. Mpishi wa jirani alilisikia, akalipeleka site, na huko likazunguka miaka na miaka, likazeeka pamoja nasi, likapata watoto na wajukuu, mpaka likafika kanisani na kuitikiwa amina. Bwana Bruno naye aliondoka na familia yake kabla ya uhuru. Hakuwahi kwenda hospitali kumtazama Ladislas.

Nilifukuzwa kabla sahani hazijaoshwa. Madamu alinifuata mpaka chumba cha simenti, Marco begani mwake akinyoosha mikono kwangu na kulia, na mimi sikumchukua. Nilifunga nguo zangu katika kitenge. "Ungeniacha mimi niseme," alininong'oneza. Nilimwuliza, "Ungesema lini, Madamu?" Nimempima mwanamke yule maisha yangu yote. Alisema ukweli, na ulimgharimu, kwa kuwa aliendelea kuishi na mumewe baada ya siku ile. Lakini kijiko chake kilisimama hewani asubuhi ya kamba, kisha kikaendelea, na kama kingebaki kimesimama, Ladislas angetembea kwa miguu miwili mpaka kaburini. Nampa heshima yake. Msamaha sijampa, na yeye hakuniomba.

Nilipanda kwenda hospitali ya weusi na furushi langu kichwani. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimesongamana, ndugu wa wagonjwa wamelala chini kati yake, na harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa yakipikwa nje, ikichanganyika na harufu ya dawa. Ladislas alikuwa mwishoni karibu na ukuta, mguu umevutwa juu. Aliona furushi kabla ya kuniona mimi.

"Leo hautumiki?" aliuliza.

"Wamenifukuza."

"Juu ya nini?"

Nikamwambia. Nilitegemea atanishukuru, lakini alikasirika, akajaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha chini. "Nani alikutuma, Adela? Unataka waje kunikamatia hapa kitandani? Mutu anasema vile mbele ya ajenti?"

"Hawatakuja," nilisema. "Ajenti ameacha."

Alitazama mguu wake, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. "Alisema nimelewa," alisema taratibu. "Mimi." Kisha: "Ulimujibu kwa Kiswahili?"

"Kwa lugha yake."

"Yote?"

"Yote."

"Sema vile ulisema. Nataka kusikia."

Niliweka furushi chini nikasimama wima mwisho wa kitanda chake, nikaanza, kwa Kitaliano, kuanzia jina la Bwana Bruno. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. Hakuna aliyeelewa hata neno moja, lakini walisikiliza, na mzee mmoja mwenye bandeji kichwani alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipopumua. Masera, mtawa aliyekuwa zamu, alitoka upande wa pili, rozari ikigongana kwenye kanzu yake, kidole mdomoni. "Binti, punguza sauti," alisema. "Hapa kuna wagonjwa."

Sikupunguza.